Fundi Mkuu na Gia ya Sita

Anayewajibika kwa kuchafuka kwa jina la Fundi Mkuu wa kiwanda chetu cha korosho ni Kamati ya Makabidhiano ya Mali. Kamati hiyo ilikuwa na Mwenyekiti, wajumbe watatu na Katibu. Katibu nilikuwa mimi. Nayaandika haya mwanzoni kwa sababu katika miaka yangu yote ya masjala nimeona jinsi jina la mhusika linavyopenda kujificha katika aya ya mwisho, mahali ambapo msomaji amekwisha kuchoka.

Kilichotendwa ni sentensi moja. Imo katika cheti chake cha utumishi, nayo ilipigwa kwa taipureta yangu: "Aliondoka kazini akiwa na tuhuma ya upotevu wa mali ya kiwanda." Kwa sentensi hiyo, chuo cha ufundi kilichokuwa tayari kumpa darasa kilimrudishia karatasi zake bila maelezo. Mtu aliyeweza kuitambua nati iliyolegea kwa kusikiliza ukuta wa karakana akaishia kuziba pancha za baiskeli kando ya barabara kuu, pale Nyamwage. Mali iliyosemwa kuwa imepotea ilikuwa kigari kidogo cha mashindano chenye gia sita.

Sitasema Fundi Mkuu alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani. Hayo yamo katika faili lake, na faili la mtu halisomwi barabarani. Nitaeleza niliyoyaona, na yale niliyoyasikia tu nitayataja kuwa niliyasikia.

Alikuwa mtu wa pole. Kutoka nyumbani kwake Kibiti hadi kiwandani alikuja kwa baiskeli, na kila alipofika kwenye mteremko alishuka akaikokota. Madereva wa malori waliokuwa wakienda kasi mbele ya geti aliwasimamisha na kuwasema kama mwalimu wa madrasa anavyowasema watoto. Spana zake alizipanga kwa ukubwa juu ya kitambaa cheupe, na jioni alizifuta moja moja kabla ya kunawa mikono yake mwenyewe. Mwezi wa Ramadhani alikifunika kigari kwa turubai tangu siku ya kwanza hadi Idi. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, "Nacho kinafunga, Bwana Masjala. Kikinywa petroli mchana, kitaniharibia swaumu yangu kwa harufu."

Mtu huyohuyo, kila Jumamosi adhuhuri kazi ilipokwisha, alivaa kofia ngumu, akaketi chini kabisa, magoti yakiwa karibu na kidevu, akakizungusha kigari kile juu ya sakafu ya saruji ya kuanikia korosho kwa mwendo ambao mimi, mtu wa bara niliyeletwa pale kikazi, sikuwahi kuuona kwa kiumbe aliyeketi inchi moja kutoka ardhini. Mtu anayeikokota baiskeli mteremkoni halafu akafanya hivyo, kwa mafunzo yangu, alikuwa mtu wa kuangaliwa. Nikaanza kumwangalia.

Kigari chenyewe kililetwa na wahandisi wa kigeni waliofunga mitambo ya kubangua. Mmoja wao alikuwa ameshindana katika mchezo huo ujanani kwao, naye hakupata sakafu nyingine laini kutoka hapo hadi Ikwiriri. Mkataba wao ulipokwisha alikiacha. Mbele ya wafanyakazi wote alimshika Fundi Mkuu mkono, akasema ni chake. Lakini hakuandika barua, na zawadi isiyo na barua, kwa kanuni nilizofundishwa, hubaki kuwa mali ya ofisi. Kwa hiyo nilikiingiza katika leja.

Hapo ndipo lilipoanzia kosa, nalo ni langu. Leja yetu ilikuwa na mafungu ya Majengo, Mitambo, Magari, Samani na Matoroli. Fungu la Magari lilidai namba ya usajili na bima, na kigari hakikuwa navyo. Mitambo ilikuwa lazima iwe imefungwa chini kwa bolti. Nikatafakari siku mbili. Kilikuwa na magurudumu manne na kilitembea juu ya sakafu ya kuanikia, kama yalivyofanya matoroli yetu kumi na mawili ya kubebea magunia. Nikaandika: matoroli, kumi na matatu.

Fundi Mkuu aliposikia alicheka hadi akakaa chini.

"Toroli! Toroli gani linaloishinda landirova ya Meneja?"

"Fundi, leja haina fungu la michezo."

"Basi lifungue fungu, bwana. Kalamu si unayo weye?"

Sikulifungua. Fungu jipya lilihitaji kibali kutoka makao makuu, na wakati huo makao makuu yenyewe yalikuwa hayajui kama yatakuwapo mwezi ujao. Ilikuwa miaka ile ya kulegezwa kwa biashara. Ubao wa getini ulipakwa rangi mara tatu: kwanza tukawa shirika, kisha tukawa kampuni, kisha tukawa ubia na mtu ambaye hatukumwona. Kila jina jipya lilipopakwa, watu kadhaa walipewa barua za kwenda nyumbani. Nilijifunza kukishuku kila kinachobadilisha jina.

Ndiyo maana historia ya mchezo wake ilinitia shaka. Aliijua kama mtu anavyozijua nasaba, kutokana na majarida ambayo yule mhandisi aliendelea kumpelekea kwa posta. Aliwasimulia kina mama wa kubangua wakati wa chakula, wakiwa wameketi barazani, mikono yao imepakwa majivu kuikinga na utomvu wa korosho.

"Walianza na injini ya mashine ya kukatia majani," alisema. "Wameifunga kwenye mabomba, basi. Haina gia, haina nini. Hata kuiwasha ni kusukumwa. Halafu wakaja wakorofi wengine, wakachukua injini ya pikipiki, na gia zake humohumo. Wenzao wakawacheka: huo si mchezo, hiyo pikipiki iliyolala! Wakubwa wa mchezo wakakaa kikao. Wakasema haya, liwe daraja la kimataifa, lakini injini isizidi sentimita za ujazo mia moja na ishirini na tano, na gia zisizidi sita. Na hawa wataondoka wamesimama. Wale wengine huanza wakiwa tayari wanatembea. Hawa husimama mstarini, kimya, wanangoja taa."

"Na daraja lenyewe linaitwaje?" aliuliza mama mmoja.

"Inategemea unauliza mwaka gani. Kwanza walilipa herufi moja. Kisha wakaona haitoshi, wakaongeza. Kisha wakaweka na neno la kusema kwamba hili la juu lina jingine juu yake. Kila wazee wakikaa kikao, jina linabadilika. Gia hazibadiliki."

Mama yule alikuwa na ulimi. Kila Jumatatu alimlaki kwa swali lilelile.

"Fundi, Jumamosi umekuwa wa ngapi?"

"Wa pili."

"Na wa kwanza nani, nawe uko peke yako?"

"Mimi wa wiki iliyopita."

Baraza zima lilicheka. Mimi nilikwenda kuandika. Nilikuwa na daftari dogo, nalo ninalo hadi leo, lenye orodha ya majarida yaliyopokewa, stempu za kigeni zilizobandikwa juu yake, na chupa za petroli alizokuja nazo. Nilishuku kwamba petroli ilitoka katika pipa la kiwanda. Nilipima pipa kwa kijiti kila Ijumaa na kila Jumatatu kwa muda wa msimu mzima. Halikupungua. Badala ya kuliandika hilo kama ushahidi wa uaminifu wake, niliandika: "Mbinu bado haijagunduliwa." Nimelisoma tena neno hilo mwaka huu na sikuona fahari.

Alijua kwamba namwangalia. Siku moja aliniita mbele ya watu.

"Njoo ukae, Bwana Masjala. Ukishaendesha utajua naiba nini."

Nilikaa, na tai yangu shingoni. Alinionyesha: wenzo wa gia uko kulia kwa usukani, ukiuvuta unapanda, ukiusukuma unashuka. Klachi ni ya mkono, nayo ni ya kuondokea tu. Ukishaondoka hutaihitaji tena. Injini iliunguruma mgongoni kwangu kama nyuki waliochokozwa. Niliishika klachi. Sikuiachia. Nilikaa pale, nikitetemeka pamoja na mashine, mpaka injini ikazimika yenyewe.

"Ukishaondoka, iache," alisema akinisaidia kusimama. "Ndiyo kazi yake yote. Wewe umeishika kama amana ya yatima."

Nakumbuka jambo jingine alilonieleza siku hiyo, akiwa amekiinamia kigari. Ekseli ya nyuma ilikuwa chuma kimoja, gurudumu la kushoto na la kulia yakizunguka sawasawa. Kwa hiyo kigari hakikuweza kukata kona ila gurudumu la nyuma la upande wa ndani liinuke kidogo hewani. "Fremu imepindwa makusudi ili iliinue," alisema. "Ukilazimisha yote manne yakae chini, hakipindi. Kinakwenda moja kwa moja ukutani. Bwana Masjala, mtani wangu, wewe magurudumu yako yote yako chini." Niliyachukulia maneno hayo kama utovu wa adabu, na nikayaandika.

Walakini hakuwa malaika, na kumbukumbu isiyosema hivyo ni ya uongo. Alikuwa na kiburi cha kazi. Vijana wa karakana aliwafundisha kwa ukarimu, lakini aliyeacha spana sakafuni alimnyamazia siku tatu. Mwaka ambao nguruwe pori walimaliza mashamba ya ndugu zake kule Mloka, wakaja kumwomba awatengenezee mitego, alikataa akisema hatengenezi chuma cha kuua. Kisha akawapelekea magunia mawili ya mchele bila kumwambia mtu. Alipoulizwa jambo alijibu kile alichoulizwa tu, wala hakuongeza. Tabia hiyo ya mwisho ndiyo iliyomponza kuliko zote.

Amri ya kuuzwa kwa kiwanda ilipokuja, Kamati iliundwa kuhesabu na kukabidhi. Mwenyekiti alitoka Dar es Salaam, mtu wa suti nyepesi na maneno laini. Siku ya pili alitembea sakafuni, akakiona kigari, akakipiga teke dogo la gurudumu kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Hakuuliza kitu. Nililiona teke hilo. Sikuliandika, kwa sababu aliyelipiga alikuwa mkubwa wangu.

Wiki hiyo nilitia saini vibali vya geti vingi mno: meza zilizovunjika, mapipa yaliyotoboka, mabati. Mwenyekiti alivileta vikiwa vimekwisha kujazwa, nami nilivilinganisha na leja, fungu kwa fungu, kama ipasavyo. Kimoja kilisema: toroli bovu, moja. Leja ilikuwa na matoroli kumi na matatu. Nikapunguza, yakabaki kumi na mawili. Nikagonga mhuri.

Siku ya makabidhiano, wakala wa mnunuzi aliyahesabu matoroli kumi na mawili, akaridhika. Kisha akauliza, "Na kile kigari tulichosikia? Kiko wapi?" Mwenyekiti akasema kwa upole, bila kugeuza kichwa, "Muulizeni Fundi. Ufunguo wa karakana anao yeye."

Tulimwita. Kikao kilichukua muda mfupi kuliko chai. Niliandika muhtasari, na baada ya siku tatu niliandika cheti. Daftari langu dogo, lenye majarida na stempu na chupa, ndilo nililolitoa mezani kama ushahidi wa mwenendo wake. Hakuna aliyeniomba. Nililitoa kwa hiari yangu.

Alikuja masjala kuchukua cheti. Alikisoma amesimama.

"Sentensi hii, nani atanifutia?"

"Kamati," nilisema.

"Na Kamati iko wapi?"

Kamati ilikuwa imevunjwa jana yake.

Miaka ikapita, nikastaafu, nikajenga Kibiti. Msimu uliopita wa mvua nilikuwa nikiyaokoa makaratasi yangu na mchwa, nikafungua kasha la nakala za kaboni. Kibali kile kilikuwamo. Toroli bovu, moja. Nilikuwa sijawahi kusoma mstari wa mwisho, ambao haukuwa ukilinganishwa na leja: chombo cha kuchukulia mzigo, gari la Mwenyekiti. Nikakaa nikajiuliza swali ambalo katibu mwangalifu angejiuliza siku ileile: ni Mwenyekiti gani wa Kamati anayebeba toroli bovu la magunia kwenye gari lake hadi Dar es Salaam? Baadaye dereva wake wa zamani aliniambia kwamba kigari kilikaa uani kwa Mwenyekiti, hakikuendeshwa hata mara moja kwa sababu hakuna fundi aliyekielewa, mpaka kikaota kutu. Hilo nimelisikia, sikuliona.

Nilikwenda Nyamwage na karatasi ile katika bahasha. Nilimkuta chini ya kibanda cha makuti, ameinamia gurudumu la baiskeli ndani ya karai la maji, akitafuta mapovu. Mvi zimemjaa. Spana zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa juu ya kitambaa cheupe.

"Karibu, Bwana Masjala. Baiskeli yako iko wapi?"

"Sina baiskeli. Nimekuletea karatasi."

Aliifuta mikono, akaisoma, akanirudishia.

"Naijua hii. Mlinzi wa geti alinionyesha nakala yake siku ileile ilipotoka."

"Ulijua? Basi kwa nini hukusema mbele ya Kamati?"

"Nilisema."

"Hukusema! Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika!"

"Nilisema kigari kimetoka kwa kibali, na kibali kina saini yako. Mwenyekiti akakwambia, andika. Nenda kasome ulichoandika."

Sikuhitaji kwenda. Niliikumbuka sentensi kabla hajamaliza, kwa maana niliipenda siku hiyo kwa ufupi wake: "Mtuhumiwa alitoa maelezo yasiyoridhisha." Maelezo yenyewe sikuyaandika. Niliyasikia kwa masikio yangu, nikayaona kuwa ni ujanja wa mtu niliyekwisha kumshuku, na kalamu yangu ikayaruka.

Nikamwambia pole. Ni neno nililosafiri nalo kutoka Kibiti.

"Pole nimeipokea," alisema, akirudisha gurudumu majini. "Lakini pole haina mhuri. Sentensi ile ina mhuri. Wajukuu zangu wanajua kusoma, mzee. Mmoja kaomba nafasi katika chuo kilekile, wakamuuliza, wewe ni wa yule? Waliotia neno lile waliondoe, kwa karatasi kama walivyolitia."

Kisha aliingia ndani ya kibanda, akarudi na kitu kilichofungwa katika kitambaa chenye oili. Akakifungua kiganjani kwangu. Vilikuwa vipande viwili vya chuma vya duara, vyenye meno, vimeng'aa kama vya dukani.

"Gia ya sita," alisema.

Nilimtazama. Shaka yote ya zamani ikasimama tena kifuani mwangu, nzima, kana kwamba haikuwahi kulala.

"Kwa hiyo ulichukua."

"Sakafu yetu ilikuwa fupi. Miaka yote ile sikupata kuifikia gia ya sita. Ukishaweka ya tano ukuta huo hapo. Nikaitoa, nikakereza bushi ya kujaza nafasi nikaiweka mahali pake, nikawa nawafundishia vijana. Siku kigari kilipotolewa, gia ilikuwa nyumbani kwenye mfuko wa kazi."

"Na hili mbona hukulisema?"

"Hili hakuna aliyeniuliza." Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Haya, ichukue. Uiandike. Ila safari hii, tafadhali, usiandike toroli."

Nilimwandikia stakabadhi palepale, juu ya kiti cha baiskeli: gia ya sita, jozi moja, ya kigari cha mashindano cha daraja la kimataifa la gia. Alisoma kila neno kabla ya kuikunja.

Kwa hiyo, mimi niliyekuwa Katibu wa Kamati ya Makabidhiano ya Mali, nadai rasmi kama ifuatavyo. Ofisi iliyorithi majukumu ya Kamati hiyo ilifungue tena shauri hili wakati Fundi Mkuu angali hai. Aliyekuwa Mwenyekiti aitwe aeleze, kwa maandishi, toroli gani alilibeba. Sentensi ya tuhuma ifutwe katika cheti cha utumishi kwa barua yenye mhuri, na nakala ya barua hiyo ipelekwe katika chuo kilichomkataa. Gia ya sita iko kwangu, imefungwa na kuwekwa lebo; nitaikabidhi kwa yeyote atakayeonyesha kwamba kigari kilikuwa chake, na kwa ushahidi nilionao, mtu huyo ni Fundi Mkuu. Leja isahihishwe pia: matoroli yalikuwa kumi na mawili tangu mwanzo. Na katika orodha ya watakaoitwa kujibu, nadai jina la kwanza liwe langu. Nitafika bila kukumbushwa, nami nitasoma kwa sauti yale aliyoyasema Fundi Mkuu siku ile, neno kwa neno, ili safari hii yaandikwe.